Pampu ya Chigwelo na Waheshimiwa Wawili

Mwanangu Neema,

Pampu ya maji ya Chigwelo imeanza kufanya kazi tena leo asubuhi. Amenithibitishia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sakalani, kwa simu. Sikuhitaji kumuuliza mara mbili, kwa sababu nyuma ya sauti yake nilisikia ndoo zinagongana na mtu anamfokea mwenzake apange foleni.

Nakuandikia mchana huu wakati umekwenda Kizota kuagana na wenzako. Ukirudi, nyumba itajaa shangazi zako na hatutapata nafasi. Habari za chandarua, nauli na kuchemsha maji bibi yako ameshazimaliza, tena kwa mpangilio kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nitazipita.

Jana tukiwa mezani ulipokea simu ya mwenyekiti wa kijiji unakokwenda kuwa mtendaji. Uliiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na ugali, kwa hiyo sote tulisikia. "Binti, karibu sana," alisema. "Ila usiitishe mkutano kwanza. Mtendaji aliyekutangulia walimfungia ofisi. Watu hapa wana hasira." Ulimshukuru, ukakata, ukatuambia, "Afadhali. Mimi siendi kupiga domo. Naanza na paa la zahanati. Wakiona kazi watatulia." Mjomba wako akasema, "Huyo sasa ndiye mtendaji." Watu wakacheka. Mimi nikaendelea kula.

Nilinyamaza kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuyaandika gazetini, ukurasa mzima, na nilikosea. Kuitisha mkutano au kutouitisha ni juu yako. Ofisi ni yako na sahihi ni yako. Ila kabla hujaamua, nataka uwajue waheshimiwa wawili niliowaripoti kwa muda mrefu kuliko nilioishi na marehemu baba yako. Walishika jimbo moja, mmoja baada ya mwingine, na Chigwelo ni kijiji cha jimbo hilo.

Wa kwanza ni Yoeli Malugu. Alikuwa fundi wa maji kabla ya ubunge na hakuacha ufundi. Bungeni sikuwahi kumsikia akiuliza hata swali la nyongeza. Sisi wa jukwaa la waandishi tulimwita Bubu, na asubuhi tulishindania soda: leo atawasha kipaza sauti au hawashi? Aliyesema hawashi alikunywa kila siku. Lakini kikao kikiahirishwa na wenzake wakaelekea kantini, Malugu ungemkuta kwenye korido ya wizara, amekaa benchi, mchoro wa kisima uko mapajani, anamsubiri mhandisi atoke. Wahandisi walichoka kumwona. Wakampa visima ili aondoke.

Siku ya kuzindua pampu ya Chigwelo nilikuwepo. Alisimama, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," watu wakamwitikia. Kisha akaona nati moja inavuja. Akavua koti, akainama na spana, akaikaza mwenyewe mbele ya mkuu wa wilaya. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko ya mshereheshaji. Alipotaka kukaa, mama mmoja wa pale aitwaye Mama Mbeleje akasimama.

"Mheshimiwa, tunashukuru. Ikifa je?"

"Mnipigie," akasema.

Akataja namba yake ya simu palepale. Watoto wakairudia kwa sauti kama jedwali la kuzidisha, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilirudi mjini nikaandika kwamba sijasikia mwanasiasa akitoa jibu bora kuliko hilo. Na lilikuwa jibu la kweli, usifikiri alikuwa anadanganya. Pampu ikigoma walimpigia, naye akaja au akatuma mtu. Nilimfuatilia, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na sikumkuta na uongo hata mmoja.

Wa pili ni Bi Tatu Sefu, aliyemshinda Malugu kwenye kura za maoni za chama chao. Alizaliwa hapa mjini, kwenye ukoo wa wauza vitambaa ambao babu zao walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Alipotangaza kugombea, vijijini walimcheka. Mzee mmoja alisimama akamwambia, "Wewe mtu wa dukani, uwele na mtama huvitofautishi."

"Kweli, sivitofautishi," Bi Tatu akajibu. "Nifundisheni. Nikirudi mniulize kama nimejifunza."

Aliporudi walimuuliza kweli. Walimletea masuke mawili mbele ya watu wote. La kwanza alipata, la pili akakosa, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nadhani ubunge aliupata siku hiyo.

Tabia yake ilikuwa moja. Unajua yatokanayo, kile kipengele cha ajenda ambacho watu hukipita haraka ili wafike kwenye mengineyo na soda. Bi Tatu hakuwa anafungua mkutano bila hicho. Anamwita mwanakijiji, si katibu wake, ataje yaliyoahidiwa mara iliyopita, moja baada ya lingine, na yeye mwenyewe anasimama juani kuyajibu.

"Ulisema barabara," jamaa mmoja alimwambia siku moja. "Barabara iko wapi? Umeibeba kwenye mkoba?"

"Mkoba huu? Humu kuna kanga na panadoli. Barabara sijaipata. Mtendaji, andika: hajaipata."

"Na utaipata lini?"

"Sijui. Andika na hiyo: hajui."

Aliandikiwa hajaipata na hajui katika vijiji vyote. Sikupambii habari, Neema. Barabara ile haikujengwa muda wote aliokuwa mbunge, na wagonjwa waliendelea kusukumwa kwenye baiskeli mpaka barabara kuu. Alizungumza vizuri kuliko mbunge yeyote niliyemsikia, lakini ukiuliza kimejengwa nini, hupati cha kupiga picha.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wasio wa kazi yetu hawalijui. Mwandishi wa hapa mjini haendi kijijini kwa miguu yake. Anapanda gari la msafara wa mgeni rasmi. Mgeni rasmi akimaliza hotuba, madereva wanawasha magari, na mwandishi anakimbia na daftari mkononi, la sivyo atalala huko na habari yake italala naye. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi mkutano wa kijiji niliujua mwanzo wake tu. Hotuba niliisikia. Vumbi la magari lilipotua chini na watu wakabaki wenyewe, nilikuwa nimeshafika mbali.

Bi Tatu alipotangaza kwamba hatagombea tena, mhariri alinitaka nilinganishe wabunge hao wawili. Nilifanya kazi safi, au niliona hivyo. Upande huu Malugu: visima, pampu, madarasa, kila kimoja na mahali kilipo. Upande wa pili Bi Tatu: mikutano. Kichwa cha habari kilisema mmoja alijenga, mwenzake aliongea. Kilisomwa redioni, na mjomba wako alikikata akakibandika dukani kwake.

Kesho yake Bi Tatu akanipigia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwandishi. Nimeisoma. Kiswahili kimenyooka. Nina swali moja tu. Kwenye mikutano yangu ulikuwa unaondoka saa ngapi?"

"Naondoka na msafara."

"Wangu au wa mkuu wa wilaya?"

"Wa mkuu wa wilaya."

"Basi umemwandika mkuu wa wilaya," akasema, akaniaga kwa heshima na kukata simu.

Nililichukulia kama neno la mtu aliyeshindwa. Nimekuwa mwandishi muda mrefu wa kutosha kujua kwamba wanasiasa hukasirika, na niliendelea na kazi zangu.

Baadaye pampu ya Chigwelo ikafa. Walimpigia Malugu, kama alivyowafundisha. Namba ilikuwa ileile, lakini mtu hakuwa yuleyule. Anaishi Mlali, kwenye shamba lake la alizeti, sukari imemharibu mguu. Aliwaambia ukweli, maana hajui kusema kitu kingine: siwezi kuja, na wale niliokuwa nawapigia mimi wameshastaafu. Wanawake wa Chigwelo wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo.

Unakumbuka mwaka huu nilipokwenda Chigwelo kumzika binamu ya bibi yako. Nilikwenda kwa basi la abiria. Kesho yake basi la kurudi likachelewa, na kwa kuwa kijiji kilikuwa na mkutano mkuu uwanjani, nikaenda kukaa nyuma. Hakukuwa na mgeni rasmi wala maturubai. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na gari la kukimbilia.

Mtendaji, kijana wa rika lako, alisoma muhtasari wa kikao kilichopita, kisha akataka kuruka kwenda kwenye michango ya shule. Mama Mbeleje akanyanyua fimbo. Ni yuleyule wa siku ya uzinduzi, ila sasa amepinda.

"Yatokanayo," akasema.

"Bibi, tumechelewa."

"Hata mimi nimechelewa kufa, nasubiri yatokanayo."

Watu wakacheka. Mtendaji akafungua tena ukurasa.

"Pampu," Mama Mbeleje akaendelea. "Mara iliyopita mlisema mtaipandisha kutoka kisimani mjue inaumwa nini. Mmeipandisha?"

"Bado."

"Andika bado."

Niliinama kwa jirani yangu nikamuuliza kama waliuliza hivyo pia mkutano uliopita. Akaniambia wanauliza kila mkutano tangu ilipokufa, na kabla ya hapo walikuwa wanamuuliza Bi Tatu barabara, kwa hiyo wamezoea. Bi Tatu ameshaondoka, barabara hakuna, lakini kuuliza hawakuacha. Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika chochote.

Jamaa mmoja akapaza sauti, "Si mumpigie Malugu?"

"Mguu haumbebi yeye, ndiyo ubebe na pampu?" mwingine akamjibu.

"Basi mpigieni Bi Tatu."

"Huyo atakuja kutuuliza tumefikia wapi."

Walicheka mpaka mtendaji naye akacheka. Kicheko kilipoisha, walikuwa wamemaliza watu wa kupigiwa. Hapo Mama Mbeleje akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Haya. Nani analeta ng'ombe wa kuivuta?"

Mzee mmoja akasema ng'ombe wake wawili wapo. Mwingine akasema ana mnyororo. Kijana wa bodaboda akasema anamjua fundi mmoja wa Kizota anayefumua pampu. Hapo ndipo mtu akasema Malugu apigiwe simu, safari hii si ili aje, bali amweleze fundi aanzie wapi. Basi langu likapiga honi. Sikuondoka. Nilibaki mpaka kila aliyejitolea alipotajwa jina lake na siku yake, nikalala kwa wafiwa usiku wa pili.

Walichelewa, waligombana, mnyororo ulikatika ikabidi waazime mwingine. Fundi wa Kizota alizungumza na Malugu kwenye spika mpaka betri ikaisha. Leo maji yametoka.

Nilipomaliza kuongea na Mzee Sakalani niliwapigia wote wawili. Malugu alisikiliza, akauliza, "Maji yanatoka na mchanga?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Waulize. Kama yana mchanga wasiiendeshe kwa nguvu."

Kisha nikampigia Bi Tatu. Yeye hakuuliza habari za mchanga. Aliuliza, "Nani aliendelea kuiuliza?"

"Mama Mbeleje."

"Yule," akasema. "Alinitesa sana yule." Nikamsikia akicheka mpaka akakohoa.

Kama mhariri angenitaka leo nirudie ile makala, nisingeigeuza tu chini juu. Bila Malugu Chigwelo wasingekuwa na pampu ya kuiuliza. Na kama wangebaki na Malugu peke yake, wangekuwa bado wameshika simu wanasubiri ipokelewe. Alifanya kazi nzuri akaibeba begani mwake mwenyewe, na bega lilipochoka kazi ikaanguka. Bi Tatu hakuleta bomba hata moja, ila aliwazoesha watu kumsimamisha mtu mzima mbele ya wenzake na kumuuliza, naye asikasirike. Hilo la kutokasirika ndilo gumu. Nimewaona wengi wanaoruhusu maswali. Wanaoyarudisha wenyewe mkutano unaofuata ni wachache mno.

Wewe umefanana na Malugu. Ukiona kitu kimevunjika mkono wako unatangulia mdomo, na sikuombi ubadilike. Paa la zahanati litengeneze. Lakini tabia hiyo najua umeitoa wapi.

Ukiwa kidato cha tatu ulisimamishwa masomo kwa kosa la mwenzako. Ulinipigia kwa simu ya mlinzi. Nilifika na kitambulisho cha uandishi kifuani, nikaingia ofisini kwa mkuu wa shule, nikatoka na ruhusa yako ya kurudi darasani kabla chai haijapoa. Nilijiona mama hodari. Tukiwa njiani kwenda Mkonze hukusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo ukasema, "Nilikuwa nimeshapanga cha kusema."

Nilikujibu kwamba kilichotakiwa ni matokeo. Nikakwambia, "Siku nyingine nipigie mapema zaidi." Unaona. Nilimsifu Malugu gazetini kwa neno hilo, na nyumbani ndilo nililokulea nalo. Chuo ulipokosa chumba, nipigie. Ulipocheleweshewa cheti, nipigie. Nilitengeneza vyote, na sijawahi kukuuliza siku ile ulikuwa umepanga kusema nini. Bado ningependa kujua.

Huko uendako wanakungoja watu wenye hasira. Nimewaripoti watu wenye hasira kwa miaka mingi, na ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba walionitisha zaidi ni wale waliokuwa hawajaulizwa kitu. Waliomfungia ofisi mwenzako walifanya hivyo baada ya kukaa muda mrefu bila kuitwa. Hilo umeniambia mwenyewe, kwamba mkutano wa mwisho hakuna anayeukumbuka. Inawezekana mwenyekiti yuko sahihi, usubiri. Anakijua kijiji chake kuliko mimi. Mimi nakijua Chigwelo, na pale nilimwona mtendaji wa rika lako akiambiwa "andika bado" mbele ya kijiji kizima. Aliandika. Hakuna aliyemfungia ofisi. Walipomaliza walimpa kiti akae kivulini.

Kwa upande wangu nimeamua hivi. Ukinipigia, nitapokea, usiku au mchana. Lakini sitauliza namba ya mkurugenzi wala nani namjua wizarani. Nitauliza kwanza wewe umepanga nini. Ukiona nimesahau, nikumbushe. Mtu mzima akizoea kukimbia na msafara, miguu haiachi kwa siku moja.

Nilidhani nitaishia hapa, lakini umerudi. Nimesikia geti, na kabla sijaficha karatasi hizi umepita ukaweka juu ya kabati kalamu ya wino mzito na karatasi za manila zilizoviringwa, zile za kuandikia matangazo. Umeingia jikoni, umekunywa maji, ukaniuliza kutokea hukohuko, "Mama, watu wa shamba mkutano wanaupenda siku ya gulio au baada ya gulio?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nimeripoti magulio yote ya mkoa huu.

"Wewe umepanga siku gani?" nikakuuliza.

Kumbe mkutano ulikuwa umeshaupanga, na barua hii hujaisoma hata mstari. Ukasema, na nayaandika kama ulivyoyasema: Jumatatu unaripoti kwa mkurugenzi, Jumanne unaingia kijijini, Jumatano unabandika tangazo, na mkutano ni Alhamisi ya wiki inayofuata, siku moja baada ya gulio, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Kipengele cha kwanza, yatokanayo.

Mama yako
Mkonze